Feni Zinavuma, Taa Zinagoma: Mwongozo Kamili wa Kumaliza Ugomvi wa Programu za Kudhibiti Vifaa vya Kompyuta

Kompyuta imetulia, umefungua kivinjari tu, mara feni zinavuma kwa nguvu kisha zinanyamaza. Dakika chache zikipita, zinarudia. Taa za RAM uliziweka rangi ya bluu, asubuhi unazikuta zinazungusha rangi zote. Programu ya kupima joto inaonyesha nyuzi 255, au inasema pampu ya maji inazunguka mara 0 kwa dakika, na huku unaisikia kwa masikio yako ikifanya kazi. Unaipeleka kwa fundi, anakwambia ubadilishe feni. Unabadilisha, na tatizo linabaki pale pale.

Mara nyingi hakuna kifaa kibovu hapo. Kuna programu mbili, tatu, pengine tano, zote zinaamrisha kifaa kimoja kwa wakati mmoja. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kompyuta ya kuunganisha mwenyewe huwa na mazabodi ya ASUS, RAM ya Corsair, kipozaji cha NZXT, kadi ya grafiki ya Gigabyte na kipanya cha Logitech, na kila kampuni inakuletea programu yake, kila programu ikijiona ndiyo mwenye nyumba.

Lengo la mwongozo huu ni moja: kila chipu ndani ya kompyuta yako ibaki na mwendeshaji mmoja tu. Nimeuandika kwa ajili ya kompyuta za mezani zenye Windows 10 au 11. Wenye laptop nao wana sehemu yao mbele. Tenga jioni moja tulivu, na usianze kazi hii usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha kazi ya mtu.

Wanachogombania

Ukielewa sehemu hii, hatua zote zinazofuata zitakuwa rahisi, kwa hiyo usiiruke.

Kwenye mazabodi kuna chipu inayoitwa Super I/O. Ndiyo inayosoma vihisi vingi vya joto, kuhesabu mizunguko ya feni na kuamua kila feni ipewe nguvu kiasi gani. Kwenye mazabodi nyingi inatoka Nuvoton, kama NCT6798D, au ITE, kama IT8688E. Ndani yake kuna rejista nyingi, kila moja ikishika namba yake: joto hili, kasi ya feni ile. Lakini hazina mlango kila moja. Programu inayotaka kusoma huandika kwanza, kwenye anwani moja, namba ya rejista inayoitaka, kisha inakwenda anwani ya pili kuchukua jibu. Ni hatua mbili, na baina yake kuna mwanya.

Sasa tazama kinachotokea. Programu ya kwanza inaandika kwamba inataka joto la prosesa. Kabla haijachukua jibu, programu ya pili inaingia na kuandika kwamba inataka kasi ya feni ya nyuma. Ya kwanza inarudi kuchukua jibu lake, inakuta la mwenzake, na inaamini kwamba hilo ndilo joto. Ikiwa ndiyo inayoongoza feni, inaona joto la kutisha na kupeleka feni zote asilimia 100. Sekunde moja baadaye inasoma sawasawa, feni zinashuka. Ule mvumo wa ghafla unaoshtua nyumba nzima chanzo chake ni hicho. Jambo la hatari zaidi ni pale programu ya kwanza ilipokuwa inaandika badala ya kusoma: amri ya feni inaangukia rejista isiyo yake, na hapo unaweza kupata feni iliyosimama kabisa hadi uwashe kompyuta upya.

Watengenezaji wa programu za kupima wameliona tatizo hili zamani na wakakubaliana kutumia kufuli la pamoja ndani ya Windows, lenye jina Global\Access_ISABUS.HTP.Method. Anayetaka kuzungumza na Super I/O hushika kufuli, humaliza hatua zake zote mbili, kisha huachia. HWiNFO, AIDA64 na LibreHardwareMonitor huliheshimu, ndiyo maana zinaweza kukaa pamoja bila kelele nyingi. Shida ni kwamba si kila programu ya kampuni za mazabodi na vipozaji inajiunga na mpango huu, na moja tu isiyojiunga inatosha kuharibu mambo.

Njia ya pili ya ugomvi ni SMBus, waya mwembamba unaounganisha RAM na chipu nyingine ndogo. Taa za RAM huamrishwa kupitia humo humo, na humo humo ndimo kilimo kichipu kinachohifadhi vipimo vya RAM, yaani SPD. Nitairudia, kwa sababu kati ya njia hizi za ugomvi ndiyo inayoweza kukuharibia kifaa moja kwa moja.

Njia ya tatu ni USB. Vipozaji vya maji, vigawanyio vya feni, vipanya na kibodi huzungumza kwa kutumiana ujumbe, na programu mbili zikituma kwa pamoja, jibu la moja hufika kwa nyingine. Ya nne ni draiva ya kadi ya grafiki. Hapo hakuna mgongano wa sekunde, kuna kupinduana: huyu anaweka, yule anafuta.

Hatua ya 1: Weka msingi salama kwenye BIOS

Watu wengi huanza kwa kufuta programu. Usifanye hivyo. Anza BIOS, yaani programu ya mazabodi inayowaka kabla ya Windows, ili hata usipokuwa na programu yoyote ndani ya Windows, feni zako ziongozwe ipasavyo.

Washa upya kompyuta, bonyeza Delete au F2 mfululizo. Kwenye ASUS tafuta Q-Fan Control, kwenye Gigabyte ni Smart Fan, MSI huita Hardware Monitor, na ASRock ni FAN-Tastic Tuning. Kwa kila feni angalia mambo mawili. La kwanza ni aina ya udhibiti: feni yenye pini 4 iweke PWM, yenye pini 3 iweke DC. Ukiiweka feni ya pini 3 kwenye PWM, itazunguka kwa kasi yote muda wote, na utailaumu programu bure. La pili ni mstari wa kasi: feni za kesi ziwe karibu asilimia 40 joto la prosesa likiwa nyuzi 40, zipande taratibu hadi 100 kufikia nyuzi 85. Kama unaishi Dar, Mombasa au mahali pengine ambapo chumba chenyewe kinafika nyuzi 32 mchana, anza na asilimia 50, kwa sababu kompyuta haiwezi kupoa chini ya hewa inayoivuta. Pampu ya maji iweke kasi kamili au kasi moja isiyobadilika.

Ukiona sehemu ya kuchelewesha mabadiliko ya kasi, iweke sekunde 2 hadi 4. Prosesa za sasa hupanda nyuzi 15 kwa kufungua tovuti tu na kushuka papo hapo, na feni zinazofuata kila mpando huo huleta kelele inayofanana sana na ugomvi wa programu. Wako wengi ambao tatizo lao linaishia hapa.

Hifadhi, ingia Windows.

Hatua ya 2: Jua waliomo ndani

Chukua karatasi. Ndiyo, karatasi, maana utawasha upya mara nyingi. Chora safu tano: feni na joto, taa, kadi ya grafiki, kasi na volti za prosesa, vifaa vya USB. Chini ya kila safu andika kila programu inayogusa eneo hilo, hata kama hujaifungua tangu mwaka jana.

Pa kutafuta ni pengi. Fungua Task Manager, sehemu ya "Startup apps". Kisha bonyeza kitufe cha Windows na R, andika services.msc, upitie orodha ya huduma zinazoendeshwa chinichini. Hapa ndipo wengi wanashangaa. Mtu anasema hatumii Armoury Crate, programu ya ASUS, lakini LightingService na AsusFanControlService zinaendelea kuchapa kazi, maana kufunga dirisha hakuzimi huduma. Pitia pia Task Scheduler, kwa sababu baadhi ya programu hujianzisha kutoka huko, na huzioni kwenye "Startup apps". Afterburner, programu ya MSI ya kurekebisha kadi ya grafiki, ni mojawapo.

Mwisho angalia draiva. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika:

driverquery /fo csv | findstr /i "ring0 asio rtcore gdrv ntiolib llaccess"

AsIO ni ya ASUS, gdrv ni ya Gigabyte, NTIOLib ni ya MSI, RTCore64 ni ya Afterburner, CorsairLLAccess64 inajieleza, na WinRing0 hutumiwa na programu nyingi za kampuni mbalimbali. Ukiona nne au tano kati ya hizi kwa pamoja, umeshapata picha ya kinachoendelea.

Hakikisha unaandika wanaosahaulika: Discord na Steam hazimo kwenye ugomvi huu, lakini programu ya kipanya inayowasha taa imo, SignalRGB imo, OpenRGB imo, L-Connect ya Lian Li imo, Razer Synapse imo kupitia Chroma, na Ryzen Master au Intel XTU ya kurekebisha prosesa uliyoisakinisha kwa majaribio imo pia.

Hatua ya 3: Zima zote, usikilize

Bonyeza Windows na R, andika msconfig. Kwenye "Services" weka alama kwanza kwenye "Hide all Microsoft services". Usiruke kisanduku hiki, usije ukazima huduma ya mtandao au ya kuingilia. Kisha ondoa alama kwa zile tu ulizoandika kwenye karatasi. Ziache huduma za sauti, mtandao na draiva ya kadi ya grafiki. Kwenye "Startup apps" zima wenzao.

Sasa chagua "Restart", si "Shut down". Kwenye Windows yenye Fast Startup, kuzima kwa kawaida huhifadhi kiini cha mfumo pamoja na draiva na kuvirudisha vilevile unapowasha. Unaweza kuzima na kuwasha mara kumi ukidhani umesafisha, kumbe draiva ileile bado imekaa. "Restart" huanza upya kweli.

Kama taa au kipozaji kimeganda kabisa, hata kuwasha upya hakutoshi, maana vidhibiti vya taa hupata umeme mdogo hata kompyuta ikiwa imezimwa. Zima, chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15 ili umeme uliobaki uishe, kisha rudisha. Hatua hii peke yake huponya taa nyingi zilizodhaniwa zimekufa.

Tumia kompyuta hivyo kwa kazi zako za kawaida kwa saa kadhaa. Ipe mzigo pia. Kama bando ni la mawazo, huhitaji kupakua programu kubwa ya majaribio: 7-Zip ina sehemu ya "Benchmark" ndani yake inayobana prosesa vya kutosha, na faili lake halifiki MB 2. Feni zikipanda na kushuka kwa mpangilio wa BIOS bila kurukaruka, umethibitisha kwamba vifaa ni vizima na kosa ni la programu. Zikiendelea kufanya vituko hata sasa, hapo ndipo uangalie waya, feni yenyewe, vumbi au pampu.

Hatua ya 4: Rudisha moja baada ya nyingine

Rudisha programu unayoihitaji zaidi kwanza. Washa upya, tumia, sikiliza, andika kwenye karatasi. Kisha ya pili. Siku utakaporudisha moja na vituko vikarudi, usiharakishe kuihukumu hiyo peke yake. Ugomvi una pande mbili: aliyerudi sasa na mmojawapo wa waliotangulia. Mzime aliyetangulia, umwache mgeni, uone. Mara nyingi kila mmoja akiwa peke yake anafanya kazi vizuri, na swali linabaki ni nani wa kumchagua.

Wakati wa zoezi hili unaweza kuendesha HWiNFO kwa kupima tu, ila kwa tahadhari moja. Ndani ya mipangilio yake, sehemu ya usalama, kuna uwezo wa kusoma vifaa vya Corsair na Asetek. Uzime kama utatumia iCUE, programu ya Corsair, la sivyo HWiNFO yenyewe inakuwa mgomvi kwenye USB. Kipindi cha kusoma kiache milisekunde 2000 kama kilivyo. Wanaokishusha hadi 100 ili kuona namba zikicheza wanaongeza nafasi ya mgongano mara 20 bila faida yoyote.

Hatua ya 5: Gawa madaraka

Sasa kaa na karatasi yako uamue, safu kwa safu.

Feni na joto. Pendekezo langu, na nalisimamia: waachie BIOS. Haihitaji Windows, haina masasisho ya kila wiki, na hata mfumo ukiganda feni zinaendelea. Sababu ya kweli ya kutumia programu ni moja, pale unapotaka feni za kesi zifuate joto la kadi ya grafiki, kwa sababu BIOS nyingi huongoza feni kwa vihisi vya mazabodi na prosesa tu. Kwa hilo tumia FanControl peke yake, na uondoe kabisa Fan Xpert, sehemu ya feni ya MSI Center, au ile ya Gigabyte Control Center. Programu ya kampuni na FanControl zikikaa pamoja, utakuwa umerudi ulikoanzia. Mistari uliyoweka BIOS mwanzoni iache, ndiyo itakayokulinda kabla Windows haijawaka.

Taa. Hapa ndipo watu huweka programu nyingi kuliko mahali pengine popote, na ndipo pa kupunguza. Angalia kwanza kama kifaa kinaweza kuhifadhi mpangilio ndani yake. Vipanya na kibodi nyingi za Logitech, na baadhi za Razer, zina kumbukumbu ya ndani: weka rangi na vitufe, hifadhi kwenye kifaa, kisha ondoa programu. Mpangilio utabaki.

Wenye Windows 11 wana njia nyingine. Tangu sasisho la Septemba 2023 mfumo wenyewe una "Dynamic Lighting", ndani ya Settings, chini ya Personalization. Kwa vifaa vinavyokubali kiwango hiki huhitaji programu ya ziada. Lakini kipengele hiki kimeleta ugomvi mpya: Windows inaweka rangi yake, iCUE au Synapse inaweka yake, taa zinapepesa. Chagua mmoja. Ukitaka programu ya kampuni itawale, zima "Use Dynamic Lighting on my devices". Ukitaka Dynamic Lighting ibaki imewashwa, fungua sehemu ya udhibiti wa chinichini uipange programu unayoitaka juu kabisa ya orodha.

RAM. Sasa ile niliyoahidi. Kila RAM ina kichipu cha SPD chenye vipimo vinavyoiambia mazabodi RAM hii ni ya ukubwa gani na iende kasi gani. Kwenye DDR4 vichipu hivi hukaa kwenye anwani 0x50 hadi 0x57, na vidhibiti vya taa viko anwani nyingine za waya huohuo. Programu mbili za taa zikigombania waya, ujumbe wa rangi unaweza kuandikwa ndani ya SPD. Hapo RAM hupoteza utambulisho wake: jina linapotea, XMP (mpangilio wa kasi ya juu ya RAM) inatoweka, na wakati mwingine kompyuta haiwaki kabisa na RAM hiyo. Imewatokea watu wengi, na kurekebisha kunahitaji kuandika upya SPD, kazi ambayo si kila fundi anaiweza.

Kwa hiyo taa za RAM ziwe na programu moja tu, bila mjadala. Kwenye Armoury Crate, sehemu ya Aura Sync, unaweza kuitoa RAM kwenye orodha ya vifaa vinavyoongozwa, ikabaki ya iCUE. Au kinyume chake. Halafu BIOS nyingi zina "SPD Write Disable", kufuli la kuzuia maandishi ndani ya SPD. Kwenye DDR4 liwashe uliache. Kwenye baadhi ya mazabodi za Intel zenye DDR5, kufuli hilo likiwashwa taa za RAM hazionekani kwa programu. Ukikutana na hali hiyo, mimi ningechagua usalama nikaacha rangi ya kiwandani, lakini ukilifungua basi programu ya pili isikanyage hapo.

Kadi ya grafiki. Afterburner, Adrenalin ya AMD, NVIDIA App, GPU Tweak ya ASUS: zote zinaweza kubadilisha kasi, volti na feni za kadi. Afterburner hufanya kazi na kadi za kampuni zote, kwa hiyo wengi wanayo. Kama una kadi ya AMD, kurekebisha ndani ya Adrenalin na Afterburner kwa pamoja ni kujitafutia matatizo: unaweka kasi hapa, unawasha upya, unakuta thamani za kule. Chagua moja, nyingine irudishe kwenye thamani za kiwandani kisha zima kujianzisha kwake. Ukichagua FanControl iongoze feni za kadi, Afterburner iache feni kwenye hali ya kujiendesha.

Prosesa. Volti na kasi ziweke BIOS, si kwenye Windows. Kuna tukio linaloeleza kwa nini. Aprili 2022 ilibainika kwamba Adrenalin, kwenye kompyuta zenye prosesa na kadi za AMD, ilikuwa inabadilisha mipangilio ya prosesa ndani ya BIOS bila mtumiaji kuombwa ruhusa, na AMD ikathibitisha kwamba inalichunguza tatizo hilo. Watu walikuwa wakihangaika na kompyuta zinazojizima, wakishuku umeme, wakishuku RAM, kumbe mtu wa grafiki ameingia chumba cha prosesa. Kama umepunguza volti kwa mkono, piga picha ya ukurasa wa BIOS kwa simu, ulinganishe kila unaposasisha draiva ya grafiki.

Vifaa vya USB. Kipozaji cha NZXT kiongozwe na CAM, cha Corsair na iCUE, au uvikabidhi vyote kwa SignalRGB, lakini si programu hizo zote pamoja. Programu ikikuomba kusasisha mfumo wa ndani wa kipozaji au kidhibiti cha taa, usikubali siku ambayo umeme unakatika-katika kama huna UPS. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, kifaa kinaweza kisiamke tena.

Hatua ya 6: Ondoa mizizi

Programu ulizoamua kutozitumia tena, ziondoe kikamilifu. "Uninstall" ya kawaida mara nyingi huacha huduma na draiva. ASUS wana kifaa chao cha kuondolea Armoury Crate, kinapatikana kwenye tovuti yao ya msaada. Kwa nyingine, ondoa kwa kawaida, washa upya, kisha tumia Autoruns ya Sysinternals kuona kilichobaki kwenye "Services" na "Drivers". Ondoa alama kwanza, usifute. Tumia siku mbili, kisha ndipo ufute. Na usiguse jina usilolijua.

Halafu kuna jambo linalowachanganya wengi: unaondoa programu leo, kesho inarudi yenyewe. Hii haitoki Windows. BIOS za kampuni kadhaa zina faili dogo ambalo Windows hulisoma inapowaka, kupitia utaratibu uitwao WPBT uliokuwepo tangu Windows 8, na faili hilo huanzisha usakinishaji. Hata ukiweka Windows mpya kabisa, litarudi. Rudi BIOS: ASUS huita "Download & Install ARMOURY CRATE app" ndani ya Tool, Gigabyte wana kipengele chao cha kupakua programu, MSI wana "MSI Driver Utility Installer". Vizime. Kwa wenye Gigabyte hili ni suala la usalama pia, kwani Mei 2023 kampuni ya Eclypsium ilionyesha kwamba utaratibu wao wa kupakua ungeweza kutumiwa na wavamizi, na Gigabyte wakatoa BIOS zilizorekebishwa. Sasisha kama hujafanya hivyo.

Windows Defender inapoingilia

Tangu Machi 2025 watu wengi wameona Defender ikifuta sehemu ya programu zao za feni na kutaja WinRing0. Hiyo si virusi, lakini pia Defender haikosei. WinRing0 ni draiva ya zamani inayoipa programu ya kawaida uwezo wa kugusa vifaa moja kwa moja, na ina udhaifu uliosajiliwa kwa namba CVE-2020-14979: programu yoyote mbaya ikiikuta kwenye kompyuta yako inaweza kuitumia kujipandisha cheo. Michezo yenye ulinzi mkali nayo huzizuia draiva za namna hii. Vanguard ya Riot ilipoanza mwaka 2020, wengi waliona programu zao za joto na feni zikigoma.

Usimalize tatizo hili kwa kuiambia Defender ifumbe macho, wala kwa kuzima "Memory integrity". Sasisha programu. FanControl na LibreHardwareMonitor zilihamia draiva nyingine, PawnIO, mwaka 2025. Programu ambayo bado inategemea WinRing0 na mwenyewe hajaisasisha, iondoe.

Wenye laptop

Kwenu chipu ya kugombaniwa inaitwa EC, na ndiyo inayoongoza feni, betri na vitufe. Programu ya kampuni, kama Lenovo Vantage au OMEN Gaming Hub ya HP, kwa kawaida ndiyo inayojua lugha yake, kwa hiyo iache itawale. Wenye ASUS za michezo wanaopenda G-Helper kwa wepesi wake watumie kitufe chake cha kusimamisha huduma za ASUS, badala ya kuendesha G-Helper na Armoury Crate pamoja.

ThrottleStop na Intel XTU zisikae pamoja. Na kama kupunguza volti kumekataa, huenda si ugomvi: baada ya udhaifu wa Plundervolt kutangazwa Desemba 2019, watengenezaji wengi walifunga uwezo huo ndani ya BIOS. Hakuna programu ya Windows itakayoufungua.

Kuthibitisha

Programu ulizozichagua zikiwa zinafanya kazi, washa HWiNFO kama kipimo pekee, dirisha la vihisi, tumia kompyuta kwa siku nzima, kisha tazama safu ya kiwango cha juu na cha chini. Joto la 255 au la hasi, feni iliyoonyesha 0 na huku haikusimama, au mizunguko elfu kumi kwa feni ya mizunguko 1,500, vyote ni alama za kusoma jibu la mwingine. Safu safi inamaanisha ugomvi umekwisha. Kwa sauti inayokatika-katika, LatencyMon itakuonyesha draiva inayoshikilia prosesa muda mrefu. Kwa kompyuta iliyokuwa inajizima, andika perfmon /rel uone kama siku zinapita bila alama nyekundu.

Karatasi yako ibandike ndani ya kifuniko cha kesi. Ukisasisha BIOS, mistari ya feni, "SPD Write Disable" na kile kipengele cha kupakua programu vyote hurudi vilivyotoka kiwandani, kwa hiyo vipitie upya kabla hujaingia Windows.